Jumapili Ambayo Koko Hakuonekana Kanisani

Mbugangari, Gisenyi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi kwenye jua la asubuhi, magoti yametulia, na yule ndama uliyenisimulia ameacha kukohoa. Je, kahawa imeshachanua? Na mgongo wako? Usiniambie tena kwamba mgongo ni mgongo tu. Sisi huku ni wazima. Mjukuu wako Ketia ameng'oka meno mawili ya mbele kwa mpigo, sasa kila akisema "Babu" hewa inamtoka kama mluzi, na anafurahia sana jambo hilo. Mkweo Théo anakusalimu kwa heshima zote, anasema bado anawakumbuka wale senene, panzi wetu wa kukaanga uliompa, na kwamba amekusamehe.

Utashangaa kuona bahasha wakati tunaongea kwa simu karibu kila wiki. Lakini wewe na simu nawajua. Nikikuuliza habari zako unanipa habari za ng'ombe. Nikirudia unanipa habari za migomba. Nikikazana zaidi unaniambia salio langu linakwisha, tulale salama. Kwa hiyo nimeona bora niandike, maana karatasi huwezi kuikata.

Dada Neema ndiye aliyeniambia. Usimkasirikie tafadhali, nilimbana mimi. Anasema tangu Pasaka hujakanyaga kanisani. Wazee wa kanisa walipokuja kukuona uliwaambia spika za siku hizi zinakuumiza masikio, na kwamba Mungu anakusikia vizuri tu ukiwa kwenye kiti chako, redio pembeni. Mwinjilisti alipokuja peke yake ukamkaribisha chai, mkaongea siasa mpaka akasahau kilichomleta. Hapo nilicheka, Baba, kwa sababu nilikuona kabisa. Halafu nikakaa nalo siku nyingi.

Sikuandikii kukuhubiria. Mtoto hamhubirii baba yake, na mimi ndiye wa mwisho mwenye haki ya kufanya hivyo. Unajua kazi yangu hapa kwa wakala wa forodha. Malori hayajui Jumapili. Ile moja ninayopumzika ndiyo ya kufua, ya kumsuka Ketia, ya kulala kidogo. Nilikuwa nafungua ibada kwenye simu huku nakunja nguo. Neno nalipata, nyimbo nazipata, mahubiri yakirefuka nayasogeza mbele kwa kidole. Sikuona kilichopungua. Wenzangu ofisini karibu wote wanafanya hivyo, na wengine wanasema waziwazi kwamba kwenda kukaa kwenye benchi asubuhi nzima ni mambo ya wazazi wetu, waliokuwa hawana pengine pa kukutania. Nilikuwa sibishani nao.

Sasa nataka nikusimulie habari za mama mkwe wangu, kwa sababu ndiye aliyenisumbua mawazo. Uliwahi kumwona siku ya harusi tu, yule mama mwembamba aliyekataa kukalia kiti cha plastiki. Tangu alipofiwa na mume wake tulimwomba atoke Goma aje kukaa nasi. Ketia anamwita Koko, ndivyo wanavyowaita mabibi upande ule, na sasa mtaa mzima unamwita hivyo.

Alikubali kuhama, lakini kwa sharti moja. Kila Jumapili angevuka mpaka kwa miguu kwenda kusali kwenye parokia yake ya zamani, kule alikofunga ndoa na kubatizia watoto wake wote. Na alifanya hivyo. Alfajiri unamsikia anapasha maji, anavaa kitenge kilichopigwa pasi tangu jana yake, anaweka rozari na kitambulisho ndani ya kipochi kimoja, anatoka. Anarudi mchana jua likiwa kali, amechoka, uso unang'aa, na habari za watu tele: nani amejifungua, nani ameoza binti, nani anaumwa.

Théo hakupenda. Siku moja nilisikia wanabishana uani.

"Mama, hapa Gisenyi kanisa ziko nyingi. Ile ya karibu ni dakika kidogo tu. Ao Mungu ya Goma na ya huku hawajuane?"

"Mungu iko moja," Koko akajibu, bila kuacha kuchambua maharage. "Batu ndiyo hawako wamoja. Kule banajuaka jina yangu. Nikikohoa, mutu anageuka kuangalia ni nani."

"Mi sielewi, Mama."

"Utaelewa siku utakuwa muzee."

Ni lazima nikueleze kuhusu Théo, usije ukadhani ni mtu wa mzaha na mambo ya Mungu. Alilelewa kanisani, alikuwa akivaa kanzu nyeupe na kupiga kengele. Lakini akiwa kijana, katika ile miaka mibaya, aliona watu waliokuwa wakisali benchi moja wakigeukana. Hasimulii. Aliniambia mara moja tu, kabla hatujaoana, kwamba tangu hapo akiona watu wamejaa kanisani hasikii nyimbo, anawahesabu. Sikumuuliza tena, na sikumlazimisha aingie. Tulifunga ndoa kama unavyokumbuka, akasimama vizuri, akasema maneno yote, halafu basi.

Mji wa ng'ambo, Goma, ulipochafuka kwa vita, mpaka ukafungwa. Siku zile tulizisikia zaidi kuliko kuziona, Baba. Madirisha yalikuwa yanatetemeka, Ketia akilala katikati yetu. Sitaki kukutia hofu kwa mambo yaliyopita. Baadaye mpaka ulifunguliwa kidogo kidogo, lakini parokia ya Koko haikuwa tena ile. Padre alikuwa amehamishwa, wengi wa watu wake walikuwa wametawanyika, wengine kusikojulikana. Théo alimkataza kabisa kuvuka, na mara hii Koko hakubishana.

Nikadhani nina dawa. Nilichukua simu ya zamani ya Théo, ile yenye kioo kikubwa, nikamtafutia misa ya Kiswahili, nikaiegemeza kwenye birika ya chai. Aliitazama kwa adabu tangu mwanzo hadi mwisho. Walipoambiwa wasimame alisimama, walipoambiwa wapige magoti alipiga, mle chumbani peke yake. Ilipoisha nikamuuliza ameionaje.

"Ni muzuri," akasema. "Lakini ni sawa kuangalia batu banakula, nawe uko inje kwa dirisha."

Jumapili zilizofuata alivaa kitenge chake kama kawaida, akaketi ukingoni mwa kitanda, kipochi mapajani, simu mbele yake. Hakunung'unika. Chakula alikuwa anakigusa tu. Habari za watu zikamwishia, akawa haongei mezani, na nyumba yetu, ambayo tulizoea kusema ina kelele nyingi mno, ikawa kimya. Ketia ndiye aliyeniambia, "Mama, Koko amekuwa kama mgeni."

Basi nikamwambia Jumapili hii twende wote wawili, kwenye parokia ya hapa mjini. Najua unakunja uso. Ndiyo Baba, kwa Wakatoliki, binti yako uliyemfundisha nyimbo zote za Kilutheri. Wakati wa komunyo ninabaki nimekaa, nashika kipochi cha Koko. Hakuna aliyenifukuza.

Siku ya kwanza haikuwa nzuri. Ibada ilikuwa ya Kinyarwanda. Koko anakijua, ni lugha ya mama yake, lakini kusali amesali maisha yake yote kwa Kiswahili, na mtu akizoea kumlilia Mungu kwa lugha moja habadilishi kirahisi. Kwa hiyo watu wote wakisema Baba Yetu kwa lugha yao, yeye alikuwa anaisema kwa yake, kwa sauti ya chini, amebaki nyuma kwa maneno mawili matatu. Mwanamke mmoja wa benchi la mbele aligeuka akamtazama. Koko akafunga mdomo. Nikajisemea basi, tumemwaibisha mzee wa watu, tusirudi tena.

Tulipotoka yule mwanamke alikuwa anatusubiri mlangoni. Mnene, mrefu, amevaa mushanana ya rangi ya machungwa, vazi lao la heshima la kufunga begani.

"Mama," akamwambia Koko, "hii Kiswahili yako ni ya Goma?"

"Ni ya Goma."

"Nilijua! Mi nilizaliwa kulekule, Birere. Miaka mingi sijasikia mutu anasali vile. Nilitaka kulia mule ndani. Unakaaka wapi?"

"Mbugangari, nyuma ya depo ya mbao."

"Bon. Jumapili ingine usikae kule nyuma. Njoo ukae na mi, niko na nafasi."

Huyo ndiye Mama Jeannine. Anauza sambaza, vile visamaki vyetu vya ziwani, na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kuita wateja upande wa pili wa barabara. Tangu siku hiyo Koko ana mahali pake, benchi la tano upande wa dirisha, kati ya Mama Jeannine na nguzo. Taratibu habari za watu zikaanza kurudi mezani kwetu. Sasa ni watu wa Gisenyi: nani amejifungua, nani anaoza binti. Mimi nilikuwa namsindikiza Jumapili ninazopumzika, nyingine anakwenda mwenyewe. Sikuwa nimebadilika sana, Baba, nilikuwa dereva tu wa bibi, bila gari.

Sasa nifike kwenye Jumapili yenyewe.

Nilitakiwa kazini, malori yalikuwa yamepanga foleni. Théo alikuwa Kigali. Ketia alikuwa Nyamyumba kwa shangazi yake tangu Ijumaa. Koko alikuwa na kikohozi, na anga lilikuwa zito, kwa hiyo nikamwambia, "Leo usiende, Koko. Utalowa. Nakuwekea misa hapa." Alitazama nje, akatazama simu, akasema sawa. Nikaiegemeza palepale kwenye birika, nikafunga geti dogo, naye akashusha komeo kwa ndani. Nikaondoka nikiwa na amani. Nilijiona nimemtunza.

Alivyonisimulia baadaye, misa ilikuwa imeanza, akasikia matone kwenye bati. Akakumbuka nguo za Ketia kwenye kamba nyuma ya nyumba. Akatoka kuzianua. Ile saruji ya uani ikilowa inateleza kama sabuni. Aliteleza akaangukia ubavu, akasikia kitu kimekatika. Akajaribu kuinuka, hakuweza. Akaita. Kwa jirani wa kushoto kuna ukuta mrefu, na wao walikuwa wamesafiri. Jirani wa kulia anafungua muziki. Mvua ikaongezeka. Na kutoka ndani, mlango ukiwa wazi, akawa anaisikia misa yake inaendelea. Padre anasema inueni mioyo, watu wanajibu. Kwaya inaimba. Wanawaambia watu watakiane amani. Aliniambia, "Nilikuwa nabasikia bote, bo hawanisikie."

Sentensi hiyo, Baba, nimelala nayo na kuamka nayo.

Kule kanisani Mama Jeannine aliiona nafasi. Anasema mwanzoni alidhani Koko amechelewa, akaweka mkoba wake pale ili mtu asikae. Baada ya mahubiri akaanza kugeuka kutazama mlango. Ilipoisha hakwenda nyumbani. Akamshika mwenzake mmoja wa kwaya, dada mwembamba anayeitwa Clarisse, wakaja Mbugangari kwenye mvua wakiulizia depo ya mbao.

Wakafika getini, wakagonga. Kimya. Wakasikia uimbaji unatoka ndani. Clarisse akasema, "Yuko salama, anasali kwenye simu. Twende, tunalowa." Mama Jeannine akasimama palepale.

"Hapana. Huyu mama haipendake hii misa ya telefone. Aliniambia mwenyewe. Na ona, wimbo imeisha, sasa ni matangazo ya sabuni, na hakuna mutu anaizima. Koko! Koko we!"

Ndipo akasikia sauti ndogo nyuma ya nyumba.

Hapa ningependa ungekuwepo uone, maana waliokuwa dukani ng'ambo ya barabara wanasimulia mpaka leo. Mama Jeannine alivua viatu, akakunja mushanana yake hadi magotini, akamwambia Clarisse ainame, akampanda mgongoni. Ukuta wetu una vipande vya chupa juu, vile vya kuzuia wezi. Akavua kitambaa cha begani, akakikunja, akakiweka juu ya vile vipande, akaruka. Alikatwa mkononi, mpaka leo ana alama. Akafungua komeo, wakamkuta Koko amelala kwenye maji, anatetemeka, nguo za mjukuu wake amezikumbatia zisichafuke.

Mama Jeannine akamfunika kwa kila alichokuta. Kisha akaingia ndani, akaichukua ile simu, akaikatiza misa ili anipigie mimi.

Nilikimbia kutoka mpakani, nikapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, ya kwanza niliyoiona, nikamwambia kijana aende tu. Nilipofika walikuwa wameshapata gari. Koko alikuwa ameweka kichwa mapajani mwa Mama Jeannine, meno yanagongana, na aliponiona akaniambia, "Usilie. Umeacha kazi?" Hilo ndilo lililomsumbua.

Mfupa ulikuwa umevunjika karibu na nyonga. Walimpeleka Kigali kupasuliwa, Théo akampokea huko, kisha akarudishwa hospitali ya hapa. Daktari alisema ambacho kingemuua si mfupa, ni ile baridi. Angekaa pale mpaka mimi nirudi jioni, tusingezungumza naye tena.

Zile wiki za hospitali wenzangu wa ofisini walikuwa wema, sitawasema vibaya. Walituma ujumbe kwenye simu, ile mikono iliyofumbatana, na bosi alinipa ruhusa bila maneno. Lakini wanaotoka benchi la tano walikuja na miili yao. Unajua hospitali zetu, mgonjwa analishwa na wake. Asubuhi nakuta mtu ameshaleta uji. Jioni mwingine ameleta isombe, kisamvu chao, na mwingine amekuja tu kukaa, hana kitu mkononi, anamkanda miguu. Wengine sikuwa najua majina yao. Walikuwa wanamjua Koko kwa miezi michache tu.

Théo aliyatazama yote hayo. Jioni moja tukitembea kurudi nyumbani akasema, "Huu ni utu tu, Editha. Si kanisa. Huyo mama angekuja hata kama wangekutana kwenye kikundi cha kushona."

"Huenda," nikamwambia. "Lakini hatukuwa na kikundi cha kushona. Tulikuwa na ukuta na komeo."

Tulipofika karibu na nyumba akasema, "Na wale niliowaona mimi, nao walikuwa na benchi."

"Najua," nikasema. Nilimshika mkono, tukaingia ndani.

Koko aliporudi nyumbani hakuweza kutembea. Mama Jeannine akapendekeza wawe wanakuja kusali naye hapa nyumbani, na wamekuja mara nyingi, sebule inajaa mpaka Ketia anakaa mlangoni. Lakini siku moja Koko akasema anataka kwenda kwenye nafasi yake. Gari tunaloazima linafika hadi chini ya zile ngazi za kanisa tu. Tukatazamana. Théo akainuka, akasema, "Twende basi."

Alimbeba mama yake mikononi, Baba, kama mtu anavyombeba mtoto aliyelala, akapanda naye ngazi zote, akaingia naye hadi benchi la tano. Watu wakasogea. Alimweka taratibu, akamrekebishia kitenge, kisha akarudi kusimama karibu na mlango, mikono nyuma. Nilijua hawezi kuondoka kwa kuwa lazima ambebe tena kurudi. Sijui alihesabu watu au hakuhesabu. Wakati wa kutakiana amani mzee mmoja alimfuata hadi pale mlangoni na kumpa mkono, na niliona Théo amechelewa kidogo kuupokea, kisha akaupokea kwa mikono miwili. Ndani ya gari alilalamika kwamba padre hajui kumalizia mahubiri. Koko akacheka mpaka akashika nyonga. Jumapili iliyofuata alimbeba tena, akalalamika tena. Hivyo ndivyo tulivyo hadi leo, na siongezi chumvi wala simwombei zaidi ya anavyotaka mwenyewe.

Sasa nirudi kwako.

Sijui kama Mungu anaangalia nani amekuja na nani hakuja. Naamini redio yako anaisikia. Naamini hata zile spika zinapiga kelele kupita kiasi. Nilipokuja likizo nilitoka na kichwa kinauma. Lakini Baba, si spika. Neema alinisimulia jambo moja, na akaniomba nisikuambie, nami nimeshindwa. Amesema Pasaka ile ulikaa upande wa wanaume kama siku zote, na wimbo wa kwanza ulipoanza ukageuza kichwa kutazama upande wa akina mama, benchi la karibu na dirisha, pale Mama alipokuwa anakaa. Kulikuwa na msichana mgeni amekaa pale na mtoto mgongoni. Ukafunga kitabu cha nyimbo, ukatoka, ukasema masikio yanauma.

Miaka yote ile mimi nilidhani unageuka kumwangalia mwalimu wa kwaya.

Mimi nami nimemkosa Mama kila mahali, hata huku ambako hakuwahi kufika. Kwa hiyo sikwambii rudi ukavumilie. Ninachokuomba ni kidogo: usiwe peke yako na huo uzito nyuma ya geti. Kaa karibu na mlango ukitaka. Mwombe shemeji, mume wa Neema, akae nawe. Ukishindwa wimbo wa pili, toka, nenda nyumbani, hakuna aliyekufungia. Au kama kanisani kumekushinda kabisa kwa sasa, wafungulie wale wazee mlango mara nyingine na usiwape siasa. Waambie umemkosa mkeo. Nao walimjua. Walikula ubwabwa wake kwenye kila mkutano kwa miaka mingi, nadhani wao pia wanageuza vichwa.

Jambo la mwisho. Jumapili iliyopita, kwenye maombi ya watu wote, Koko alinyoosha mkono akaomba, kwa Kiswahili chake, kwa sauti ya kusikika, kwamba waombee "Baba ya Editha ya kule Karagwe, amefiwa, hawezi kuimba." Nilitamani ardhi inimeze. Tulipotoka walinizunguka. Mama Jeannine aliuliza wewe ni mrefu au mfupi. Clarisse aliuliza sauti yako ni ipi, nikasema besi, akasikitika kweli, akasema besi kwao ni mbili tu na moja inaumwa. Yule mzee aliyempa Théo mkono aliuliza jina lako, nikamwambia, akalirudia polepole ili asilisahau.

Kwa hiyo Baba, huku kuna watu hawajawahi kukuona, na kila Jumapili sasa wananiuliza: vipi, mzee ameimba? Nimewajibu bado sijui. Ukiwa tayari, niambie wewe mwenyewe, si Neema, nini cha kuwajibu. Hata ukiniambia bado, nitawaambia bado, nao wataendelea kuuliza.

Nisalimie dada Neema na umwambie nimevunja ahadi, anikemee kwenye simu. Msalimie shemeji, na wale mapacha wao wasioisha kukua. Shangazi wa kule mlimani mwambie kitenge alichoniagiza nimekipata. Mwinjilisti pia namsalimia kupitia kwako, ikiwa mtaacha siasa kidogo. Koko anakupa heshima zake kama mzazi mwenzie. Ketia amebusu karatasi hapa chini, ndiyo hiyo alama ya mafuta unayoiona.

Théo amepiga honi mara mbili, Koko ameshavaa, ninawachelewesha.

Akupendaye sana, binti yako,
Editha